Sufuria la Uji Lililopanda Kilima

Ndugu zangu, nimeambiwa niseme kwa kifupi. Mnaonijua, chekeni sasa hivi tumalizane.

Wakati wa vita mume wangu alikwenda na mgambo mpakani, akaniacha Nyakisasa na kifungua mimba wetu. Mtoto wa miaka miwili, miguu kama mabua, hata kusimama hawezi. Nililia jamani. Nilijiuliza, baba yake akirudi atamkuta mtoto au kaburi?

Na msaada ulikuwepo! Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa na zahanati ya kupima watoto, juu kilimani. Chekechea yenye uji, chini bondeni. Shamba la kijiji, ng'ambo ya mto. Vyote Jumatatu, asubuhi ile ile! Ukienda kupima, unakosa uji. Ukifuata uji, nesi anakufokea. Ukikosa shambani, mwenyekiti anakuita mnyonyaji mbele za watu. Mnyonyaji, mimi, nisiye na hata kuku!

Jumatatu moja nesi akanikaripia: "Mama, mtoto ana njaa huyu. Mbona humpeleki kwenye uji?"

Nawaambieni, hasira ilinipanda. Nikamkabidhi mtoto, nikateremka bondeni, nikakunja ngata, nikajitwika sufuria zima la chekechea. Huyoo, kilimani!

"Mwizi wa uji!" Mwalimu akanifuata na mwiko mkononi, watoto nyuma yake na vikombe vyao. Mwenyekiti kule shambani kusikia yowe, akadhani adui kaingia. Akaja mbio na wakulima wote, majembe juu.

Nesi akatoka. "Kuna nini?"

Nikatua sufuria. "Hakuna kitu. Ninyi watatu salimianeni kwanza. Kila Jumatatu mnaniita mimi, lakini wenyewe hamjawahi kuitana."

Mwenyekiti akachungulia sufuria, akasema, "Basi wanywe, uji unapoa."

Wakanywa, wakapimwa hapo hapo. Tangu siku ile nesi akawa anateremka na mizani yake chekechea, na sisi tunawaacha watoto kwa mwalimu, tunakwenda kulima kwa amani.

Vita vikaisha. Mtoto kuona jitu lenye ndevu mlangoni, akatimka mpaka migombani! Mume wangu akabaki analia: "Mke wangu, anakimbia! Anakimbia!"

Namshukuru nesi, na mwalimu, ingawa ule mwiko ulinipata, na mwenyekiti, Mungu amrehemu. Nanyi mnaohudumia watoto leo, nawaomba: kaeni pamoja kwanza, ndipo mtuite. Mama ana miguu miwili tu, na mmoja uko jikoni.