Fundi Sakafu na Simu Kumi na Nne

Ndugu yetu hakuhudumiwa. Huduma ya simu ya serikali, ile ya walioshikwa na pombe na waliosongwa na mawazo, imeandika kwamba alizungumza na mshauri mara kumi na nne. Hakuzungumza na mtu hata mara moja. Nayasema haya kwanza kwa sababu karatasi yao imeshatangulia kusema yake.

Mimi ni dada yake mkubwa. Kusoma sijui, binti yangu ameandika nilivyomtamkia, nami nimeyashika kichwani.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1979, kitinda mimba wa mama yetu, mshona nguo. Alimaliza darasa la saba mwaka 1993, akaingia karakana ya mjomba kujifunza useremala. Kigoda chake cha kwanza alimletea mama, kikayumba. Akasema, "Mama, kigoda kizima, sakafu ndiyo mbovu." Mama akamjibu, "Basi kainyooshe dunia, mimi nitakungoja nimesimama." Tangu hapo tukamwita Fundi Sakafu. Milango mingi ya mtaa huu ni kazi yake, na haikwaruzi chini.

Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 2004 na wifi yangu, mpishi wa shule, wakajaliwa watoto wawili.

Pombe ilimshika mwaka 2019, msumeno ulipomkata vidole viwili. Kila Jumanne nilimpeleka zahanati, chumba cha mwisho. Muuguzi alimwambia anyooshe mikono, akaitazama inavyotetemeka, akamnusa bila haya. "Leo umenidanganya, fundi." Ndugu yangu alicheka, na Jumanne iliyofuata akarudi. Mwishowe alikaa miezi saba bila kugusa chupa.

Januari 2024 chumba kile kilifungwa. Afisa wa mafaili wa zahanati alinisogezea karatasi. "Weka dole gumba hapa, mama, ni ya dawa tu." Nikaweka. Kumbe, kama binti yangu alivyokuja kunisomea, ilisema familia imechagua simu badala ya muuguzi. Nilipomuuliza simu itamnusaje mtu, alisema, "Mambo ya kisasa hayo, mama."

Ndugu yangu alipiga. Nilikaa naye, sote tukisikiliza: muziki, kisha sauti ya mashine ikituomba tusikate. Baada ya dakika kumi ilikatika yenyewe. Ndivyo ilivyokuwa kila alipopiga. Msichana wa mapokezi pale zahanati ndiye aliyeninong'oneza kwamba simu ikipita dakika tano, mtu huhesabiwa amehudumiwa, na fungu la serikali hutoka kwa hesabu hiyo. Basi muziki ule nao ulikuwa mshauri.

Aprili alirudia chupa. Alilazwa tarehe 2 Juni, ini limeharibika, akafariki tarehe 11 Juni 2024, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Kesho yake ujumbe uliingia kwenye simu yake: "Hongera, umekamilisha mpango."

Ameacha mama, mke, watoto wawili, kaka yetu dereva, na mimi.

Afisa wa mafaili alikuja juzi kutupa pole, akatuomba mambo ya simu tusiyataje hapa. Yeye na mkuu wake wanadaiwa na mama yetu sauti za simu zote kumi na nne. Kama kuna aliyezungumza na mwanawe, mama asikie alimwambia nini. Kama hakuna, waandike hakuna, na dole langu walifute mbele yangu.

Mungu ampumzishe ndugu yetu. Hao wawili bado hatujawapa ruhusa ya kupumzika.