Nani Atamwambia Bi Mongia?

Nje ya mkahawa wa Halfawine, pale Tunis, kuna benchi la mbao lenye mguu mmoja mfupi, na kila mwenyeji anajua kwamba kukalia upande ule ni kujitakia. Asubuhi hiyo Wajdi aliukalia na wala hakujali. Alikuwa na miaka ishirini na nne, na mfukoni alikuwa na barua: miaka miwili Hungaria, asubuhi asome Kihungaria, alasiri awafundishe wenyeji Kiarabu. Siku ya mwisho ya kujibu ilikuwa leo. Kwenda alitaka mpaka usingizi ukamruka. Alichokosa ni moyo wa kumwambia mama yake, Bi Mongia, ambaye tangu baba afariki wanakula wawili tu, sahani moja. Basi akaleta shauri kijiweni kwa mabingwa wake watatu. Ami Lamine aliitwa Konsuli, kwa kuwa aliwahi kuendesha lori Marseille miezi minne. Ridha kinyozi aliitwa Mufti, kwa kutoa hukumu zisizoombwa. Hedi, fundi umeme, alikuwa Betri, maana mdomo wake hauishiwi chaji.

— Kwanza, hiyo Hungaria iko wapi? — aliuliza Betri.

— Nyuma ya Italia, — alijibu Konsuli. — Nimeipita.

— Kwa lori?

— Kwa mbali.

— Na huko utaanza kuwafundisha nini, mwanangu? — aliuliza Mufti.

— Salamu, ami. Halafu herufi.

— Salamu! — Betri aliruka. — Waanzishe na kugombana! Mtu asiyeweza kugombana na muuza samaki, huyo Kiarabu hajakijua.

— Jamani, mama! — Wajdi alilalamika. — Nimekuja kwa habari ya mama.

— Mwambie unakwenda Sousse, hapo karibu tu, — Mufti alihukumu.

— Miaka miwili, Sousse?

— Foleni.

Konsuli alikunywa funda la kahawa, akatikisa kichwa.

— Mzazi hadanganywi. Mwambie kweli, ila mvizie anaposaga pilipili za harisa. Macho yanamwasha hata hivyo. Analia, hakuna atakayejua analilia nini.

— Unamjua Mongia wewe? — alisema Mufti. — Si alimkimbiza msoma mita kwa kandambili mpaka Bab Suika?

— Basi asiambiwe kabisa! — Betri akasimama. — Wajdi atakuwa mimi. Kila jioni nabisha hodi, nimevaa kofia yake, nasema “mama, nimechoka,” napita moja kwa moja chumbani.

— Betri, una miaka hamsini na saba.

— Taa nazima mimi. Kazi yangu hiyo!

— Na chakula?

— Hapo ndipo ninapojitolea zaidi.

Wajdi alicheka mpaka kahawa ikammwagikia gotini. Aliwapenda watu hawa, aliwapenda sana, na katikati ya kicheko kile wazo likamjia. Huko aendako nani angesimama barabarani kumtungia uongo wa kipuuzi namna hii? Akapangusa goti lake.

Ghafla Konsuli akaficha sigara nyuma ya mgongo. Bi Mongia alikuwa anakuja, aproni kiunoni, mikono myekundu ya nyanya. Tangu benchi lile liwekwe, hakuna mwanamke wa mtaa aliyewahi kulikalia. Mufti akainuka.

— Kaeni, — alisema Bi Mongia. — Wewe, sogea.

Wajdi akasogea, naye akakaa.

— Mama, nilikuwa nakuja nyumbani ku…

— Barua niliifungua juzi kwa mvuke wa chungu cha kuskusi, nikaibandika tena. Wamesema chumba kina joto. Umewajibu?

— Bado, mama.

— Unangoja nini? Nafasi wampe mtoto wa watu?

Mama akawageukia wote watatu.

— Nina swali moja tu, na nyie mmetembea dunia, mnisaidie. Huyu akizidiwa huko, homa imempanda, kusema hawezi. Nikapiga simu, akapokea mtu wa kule. Huyo mtu nitamwambiaje kwamba mimi ni mama yake?

Konsuli alichungulia kikombe chake. Mufti alizikuna ndevu. Betri akaanza kuhesabu nyaya za umeme juu ya mtaa. Wajdi maneno hayo aliyajua vizuri; mwaka mzima alikuwa akijifunza Kihungaria kwa siri kwenye simu, na hayo yalikuwamo katika somo la kwanza kabisa. Akafungua mdomo ayaseme. Machozi yakamtangulia.

— Haya, sema kwa hicho Kihungaria chako, — alisema mama yake, akimfuta shavu kwa kiganja kilichojaa nyanya. — Polepole, niyashike maneno. Nimeacha chungu jikoni.