Ukuta Huvimba Usiku

Benchi la Mama Birika halina jina la mtu, lakini kaa tu mahali pasipo pako uone utakavyotazamwa. Liko pembeni pa njia panda, chini ya kipande cha bati, limeegemezwa kwenye ukuta wa stoo ya nafaka. Ncha ya juu ni ya Jaji, ambaye hajawahi kuwa jaji. Kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga madirisha ya mahakama, na sheria zote alizonazo ziliingia kupitia humo. Katikati hukaa Dokta, muuza dawa ya panya na mende, na ni kweli kabisa kwamba hakuna mgonjwa wake aliyewahi kurudi kulalamika. Ncha ya chini, karibu na jiko, ni ya Kioo, fundi wa skimu, ule udongo mwembamba wa kulainishia ukuta kabla ya rangi. Jina hilo alijipatia kwa mdomo wake mwenyewe, kwa kuwaahidi wateja kwamba ukuta akishaupaka ile skimu yake nyeupe na kuupiga msasa, watachania nywele mbele yake. Jioni hiyo Kioo alikuwa amekishika kikombe kimoja mpaka kikapoa, na Mama Birika hapendi kuona kahawa yake ikidharauliwa.

— Wee Kioo, kahawa ina nini?

— Kahawa haina kitu, dada. Mwenye kitu ni mimi.

Akatoa simu, akailaza juu ya benchi, akabonyeza. Ikatoka sauti ya mama mkwe wake, ya upole, ile ya kumtoa mtu jasho.

“Mwanangu, hujambo? Watoto hawajambo? Mimi sijambo. Ule ukuta wa sebuleni nimeuona. Mchana niliuona, nikasema kweli mwanangu ana mkono. Jana fundi umeme kaja kunifungia ile taa yangu ya ukutani. Tulipowasha nikadhani kuna mtu kaanika shuka sebuleni bila kulipiga pasi. Sisemi neno. Jumamosi anakuja mwenzio injinia na wazazi wake. Basi njoo jioni hii utazame mwenyewe. Kama una kazi nyingi niambie tu, nitamwita fundi mwingine. Sijakasirika, mwanangu.”

— Kakasirika, alisema Jaji.

— Kakasirika vibaya sana, alisema Dokta.

Kioo hakuhitaji wataalamu kumwambia hilo. Hiyo “sisemi neno” alikuwa akiisikia tangu alipooa. Na huyo mwenzio, mume wa shemeji yake mdogo, hatajwi katika nyumba ile bila uinjinia wake kutangulizwa, hata kama habari yenyewe ni kwamba ana mafua. Kioo kwa upande wake ndiye mkwe wa kubeba viti. Safari hii mke wake alimwombea kwa mama yake, akamsihi, akamwapia kwamba mume wangu ana kipaji, mpe ukuta mmoja tu uone. Akapewa ukuta. Aliufanya kwa moyo wote, huku akiimba. Sasa fundi mwingine akiingia sebuleni mle kurekebisha, mke wake hatagomba. Atanyamaza, na Kioo aliogopa kimya cha mke wake kuliko kelele za mji mzima. Alikuwa ameumia, tena sana.

— Hebu niambieni nyinyi, alisema. Ukuta unaokubalika ni upi? Nikifika kule niwe na la kusema.

Jaji akaweka kikombe chini. Ukimwona ameweka kikombe chini, jua kikao kimefunguliwa.

— Kwanza tuulizane, ukuta unatazamwa kutoka wapi? Mgeni akiingia sebuleni anafanya nini?

— Anasalimia, alisema Dokta.

— Halafu?

— Anakaa.

— Anaegemea nini?

— Kiti.

— Na kiti kimeegemea nini? Ukuta! Kwa hiyo mgeni mwenye adabu ukuta uko mgongoni kwake. Sasa nionyesheni binadamu mwenye macho mgongoni. Anayegeuka kuukodolea ukuta wa watu, huyo hakuja kutembea, kaja kufanya upelelezi.

Kioo akakiinua kikombe. Akanywa funda la kwanza.

— Na mchana ulikuwa sawa, alisema. Mama mwenyewe kasema. Dirisha liko mkabala na ukuta, jua la asubuhi linaingia likaupiga usoni. Nilipitisha msasa nikaupangusa, nikautazama, mweupe pee! Nikafumba macho nikapitisha kiganja. Laini kama karatasi.

— Kiganja? aliuliza Mama Birika.

— Kiganja, dada. Wengine wanahangaika na taa sijui nini. Mimi nimezaliwa na kiganja.

— Sote tumezaliwa navyo. Wewe si ungemulika japo kwa simu, pembeni, kabla hujapaka rangi?

— Mama, alisema Jaji kwa huruma kubwa, kikao hiki hakikuomba maoni ya jikoni.

— Haya. Jikoni ndiko kahawa iliko, lakini haya.

Dokta alikuwa amekunja uso muda wote huo. Sayansi ilikuwa inampanda.

— Nyote hamjagusa ugonjwa wenyewe, alisema. Mchana ukuta sawa, usiku ukuta mawimbi. Hiyo ina maana gani? Ukuta umevimba.

— Umevimba?

— Tazameni miguu yenu. Asubuhi kiatu kinaingia chenyewe, jioni unakivuta kwa vidole viwili huku unatukana. Kwa nini? Umeshinda umesimama. Na ukuta je? Ukuta umesimama tangu asubuhi, bwana! Hauketi, hauendi haja, hauegemei popote. Usivimbe una nini?

— Basi tuulaze usiku tuufunike shuka, alisema Mama Birika.

— Wewe cheka. Kitaalamu ukuta upimwe asubuhi, ukiwa umepumzika.

Kioo alijua kwamba ukuta hauvimbi. Amegusa kuta maisha yake yote na hajawahi kukuta wenye homa. Lakini mtu akiwa na mkwe kama wake hachagui sana wa kumtetea, kwa hiyo alitikisa kichwa pole pole, kama aliyekuwa na wazo hilo hilo muda mrefu ila akakosa pa kulisemea.

— Hata ukivimba, alisema Jaji, ambaye hapendi kupitwa, mshtakiwa wetu si ukuta. Ni taa. Hiyo taa imekaa wapi?

— Juu, imebanana na ukuta. Mwanga unashuka unaulamba mpaka chini.

— Mmesikia wenyewe. Unaulamba! Taa yenye heshima inakaa katikati ya dari, inatazama watu wote sawa. Hii imejibana pembeni inachungulia. Mimi uso wangu huu, sura ya kuaminika, nimulike kwa tochi chini ya kidevu uone kama utanikopesha hata kiberiti.

— Kwako hata bila tochi sikukopeshi, alisema Mama Birika.

— Nasema hivi: hakuna kiumbe anayeweza kusimama mbele ya taa ya pembeni akatoka msafi. Ushahidi wake usipokelewe.

— Tena hizi taa za siku hizi, Dokta alidakia huku akipunguza sauti na kutazama barabara kana kwamba taa zina wapelelezi, mnajua ni za nani? Anayetengeneza taa na anayetengeneza skimu ni ukoo mmoja. Mjomba anakuuzia taa, unaona mawimbi, unakwenda kwa mpwa kununua skimu. Unapaka. Mjomba anatoa taa kali zaidi. Mpaka chumba chako kinajaa skimu, mnahamia uani.

— Iwekwe sheria, alisema Jaji. Kama hospitali. Saa za kutazama ukuta. Nje ya saa hizo ukuta uachwe upumzike.

Hapo Kioo akachangamka kabisa. Akakumbuka hoja moja nzito, na aliona ajabu kwamba imemchelewea.

— Na huu je? Akaugonga ukuta nyuma ya benchi kwa kiwiko. Huu kaupiga nani?

— Wewe, walisema wote.

— Nilimpigia mwenye stoo kama mfano, wateja waje waone kazi. Miaka yote hiyo mnakaa hapa. Kuna siku mmoja wenu kaulalamikia?

Jaji na Dokta wakatazamana. Kwa kweli hapakuwa na siku hiyo.

— Kielelezo cha kwanza! alisema Jaji. Kimepokelewa bila pingamizi.

— Mtaulalamikiaje, alisema Mama Birika, na tangu aupige mmeupa mgongo?

Hawakumjibu. Alikuwa jikoni.

Wakati huo akaja dada mmoja mwenye ngazi begani na mkoba wa vifaa, bisibisi sikioni kama kalamu. Mama Birika alikuwa amemwita amfungie taa ya kijiweni, maana giza likiingia wateja wake walikuwa wakimwagiana kahawa mapajani na kulaumiana. Dada akawaamkia, akaomba benchi lisogezwe mbele kidogo ili ngazi ipate pa kusimama. Wakasimama, wakalivuta, na kwa kuwa sasa aliyekuwa akipita barabarani angewamwagia vumbi usoni, wakaligeuza. Kwa mara ya kwanza wakakaa wakiutazama ukuta. Hawakuona cha ajabu. Jua lilikuwa limekwisha shuka nyuma ya maduka na kila kitu kilikuwa na rangi moja ya vumbi.

— Tuandike ujumbe, alisema Jaji. Shika simu, Kioo. Andika. Mama mpendwa. Kufuatia malalamiko yako.

— Malalamiko? Hiyo hapana. Kasema hajakasirika.

— Kufuatia upendo wako, basi. Ukuta wako umechunguzwa na jopo, umeonekana uko ndani ya viwango. Ukuta ni wa kutazamwa mchana, na mtu aliyekaa, asiye na nia.

— Ongeza aliyekunywa chai, alisema Dokta. Mwenye njaa huona vibaya.

— Nukta. Kosa ni la fundi umeme, ambaye kwa kutojua kazi.

— Au kwa husuda, alisema Dokta.

— Kwa kutojua kazi na kwa husuda, ameweka taa mahali ambapo taa haikai. Fundi huyo asitafutwe tena. Taa izimwe. Wako mtiifu.

Juu ya ngazi bisibisi ilisimama kidogo, kisha ikaendelea kuzunguka. Kioo aliandika yote. Akayasoma kimoyomoyo, akaona yana uzito fulani, hasa lile neno jopo. Akamwona mama mkwe wake akisoma, akiguna, akiinuka kwenda kuzima taa. Jumamosi injinia angekaa na wazazi wake chini ya taa ya dari, akaegemea ukuta, akala akaondoka. Mke wake angetabasamu. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kutuma.

— Mama, niwashe? aliuliza dada kutoka juu.

— Washa mwanangu, tuonane.

Taa ikawaka. Ilikuwa nyembamba, ndefu, imefungwa juu kabisa ya ukuta kwa sababu hapakuwa na dari ya kuifungia, na mwanga wake ukashuka ukiulamba ukuta mpaka chini.

Lo! Ukatokea uwanja wa matuta. Kila mahali mwiko ulipopita na kurudi palikuwa na ukingo na kivuli cha ukingo. Palikuwa na bonde karibu na dirisha la stoo, la mtoto kulala. Palikuwa na alama za vidole vinne vya Kioo mwenyewe, alipojishikilia siku ile akishuka kwenye kiunzi, zimepakwa rangi juu yake kwa uangalifu. Mahali pekee palipokuwa sawasawa ni pale chini walipozoea kuegemea. Migongo yao ilikuwa imepiga msasa bora kuliko fundi.

Dokta akasema kwa sauti ndogo:

— Umeanza kuvimba.

Hata yeye hakucheka. Dada akashuka ngazi moja moja, akafuta mikono kwenye suruali, akarudi nyuma hatua chache atazame kazi yake. Akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule.

— Samahanini wazee wangu, nauliza tu, alisema. Jana nimefunga taa kama hii kwa mama mmoja, ukuta wake ulikuwa hivi hivi. Huu nao kapiga nani?

Jaji akachungulia ndani ya kikombe chake kama aliyeangusha kitu humo. Dokta akakumbuka kuhesabu pakiti zake za dawa. Mama Birika, mwenye majibu kwa kila jambo duniani, akamtazama Kioo mara moja, akamwonea huruma, akainamisha birika juu ya kikombe. Kukatoka matone, kisha machicha.

— Kahawa imekwisha, alisema, ingawa hapakuwa na aliyeomba.

Kioo aliinuka akausogelea ukuta. Akafumba macho, akapitisha kiganja kutoka dirishani hadi pembeni. Laini kama karatasi. Akafumbua macho, akaona kiganja chake mwenyewe kikipanda na kushuka. Akakitazama kwa muda, kiganja cha kuzaliwa nacho, kisha akakitia mfukoni.

Akarudi kwenye benchi, akaichukua simu. Akafuta wako mtiifu, akafuta husuda, akafuta jopo, akaendelea kufuta mpaka pakabaki peupe. Jaji alitaka kusema jambo kuhusu rufaa, lakini Mama Birika akamkanyaga mguu. Kioo akageuka upande, akabonyeza, akaongea kwa sauti ya mtu mzima.

— Mama, shikamoo. Nachukua msasa, niko njiani. Ile taa usiizime.