Shuka Nyeupe ya Mama Henriette

Benchi letu la mtaa wa Kasulo liko mbele ya birika la Mwamini, muuza kahawa, na jioni tunalikalia tukiwa tumechoka hata kubishana. Lakini tunabishana. Ng'ambo ya barabara ni kwa Mama Henriette, mjane mwenye bustani pekee iliyobaki mtaani. Nyumba nyingine karibu zote zina shimo la kobalti, limefunikwa turubai. Tangu mvua za kwanza, giza likiingia, mama hutundika shuka nyeupe kati ya mipapai miwili, huwasha taa na kupiga picha kwa simu. Alishatuambia: anarekodi vipepeo wa usiku, ajue wanaokuja mwezi gani, na wasiorudi tena. Tulimwitikia kwa adabu. Hatukumwamini.

— Muntu hatundikake nguo bure, alisema Tshimanga, tunayemwita Ingénieur, yaani mhandisi, kwa kuwa amechimba mashimo kuliko sisi wote.

— Na kipepeo, unakipiga picha juu ya nini? aliuliza Kassim Remorque, dereva wa malori. Inatafuta carte d'électeur, kadi ya kura?

— Ile shuka ni turubai ya batu ba misa, bale ba kanisa, alijibu Ingénieur. Shimo yake imesha kufika chini ya hii benchi.

— Imepita benchi, alisema Kassim. Mi nasikiaka bitu binagonga chini ya kitanda yangu. Siku moya ule mama atatokea kule mbali, mu Kisenge.

— Lisemwalo lipo, akakata Ingénieur. Kama halipo, tunachimba mupaka linakuya.

Hakuwa akitania. Vijana wa timu yake, aliowaagiza tangu mchana, walipita mbele yetu na sururu, wakasukuma lango la mama kwenda kutafuta shimo. Mama mwenyewe alikuwa bado kanisani.

Modeste, aliyefika juzi kutoka Musumba kutafuta kazi, aliweka kikombe chini.

— Pardon, batata, bazee bangu. Kama mama anachimba, udongo anautupaka wapi?

Tukatazama mtaa. Kila mlango una kilima chake cha udongo mwekundu. Mlango wa mama una mchicha. Hata mtoto angeona. Ingénieur alijikuna goti, na aibu ikatushika sote.

Ng'ambo, mpapai wa kwanza ulianguka pamoja na kamba ya shuka.

— Sasa nani ataenda kubaambia baache? akauliza Modeste.

Kassim alimtazama Ingénieur. Ingénieur alitazama mikono yake. Mimi nilibaki nimekaa, nikamnyooshea Mwamini kikombe, naye akainamisha birika; halikutoa hata tone.