Athanasi Mayige na Kereng'ende wa Njano wa Nassa

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, Ndugu Athanasi Mayige anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, na sisi wenzake wa Kituo cha Ardhioevu hapa Bariadi tumechanganyikiwa. Hatujui tunamuaga mtu aliyekosea miaka yote au aliyepatia bila kujua. Mhariri ameniomba wasifu ulionyooka. Nitajaribu.

Alianza Maswa, akikagua wadudu mashambani mwa pamba. Kituo kilipofunguliwa akahamishiwa kwenye vinamasi vya Nassa, akakuta kereng'ende tele na hakuna anayejua majina yao. Mtoto wa wafugaji hakosi la kufanya: akawaita kwa rangi, kama ng'ombe wanavyoitwa zizini kwao. Sote alitufundisha hivyo. Unamnasa kwa wavu, unambana mabawa kwa vidole viwili, unatazama uso, kifua na mkia, unampa jina la rangi yake, unamwachia. Wageni kutoka Dodoma walikuwa wakitikisa vichwa kana kwamba wameelewa.

Sifa yake kubwa ni kereng'ende wa njano. Wa buluu wamejaa kila bwawa hadi Mwamanyili, lakini wa njano hatujamwona popote ila kwenye matete ya Nassa. Kwa ajili yake kijiji kilikubali kinamasi kisilimwe mpunga, na Ndugu Mayige akapanda cheo. Tulimwita Baba Njano, wala hakuchukia.

Mwezi Machi, alipokuwa akiwafundisha watumishi wapya kwa mara ya mwisho, wa buluu alimkamata wa njano shingoni, wakatua kwenye tete mbele yetu, wakapandana. Mektilda, mpima maji wetu, akauliza taratibu kama zizini dume jekundu likipanda jike jeupe huwa ni ng'ombe wa aina mbili. Tukanasa wengine, tukawapekua upya. Wa njano wote walikuwa ama majike, ama madume machanga ambayo bado hayajageuka buluu. Aina ni moja tu. Ndugu Mayige aliketi kwenye tope na suruali yake ya ofisini, na mimi nilimwonea huruma sana.

Angeweza kunyamaza hadi Juni akaondoka na heshima zake. Wakulima walikuwa wanakitaka kinamasi, na sababu ya kuwazuia ilikuwa imeyeyuka. Badala yake aliomba mkutano wa kijiji, akasema mwenyewe kwamba Nassa haina kereng'ende wa pekee: wa njano ni majike na watoto wa wale wa buluu, ila wanakaa hapa tu.

Watu walichanganyikiwa kuliko sisi. Wengine wakaanza kugawana majaruba kwa maneno papo hapo. Ndipo akasimama mama mmoja, Mayu Nyanjige, ambaye shamba lake linapakana na matete, na aliyekuwa akililia eneo lile kuliko wote. Alimwambia: “Baba, umesema majike na watoto wanakaa hapa tu. Basi hili ni zizi la ndama. Mimi silimi zizi la ndama.” Wakabishana kidogo, wakakubali, na kinamasi kimebaki.

Njiani kurudi Bariadi Ndugu Mayige alituuliza kama ameshinda au ameshindwa. Tulibishana hadi tukafika, na bado tunabishana. Ila asante, Baba, kwa kusema siku ambayo kunyamaza kungekufaa zaidi. Tunakuombea uzee mtamu pamoja na mkeo, Mama Felisita. Ukipita Nassa, matete yapo.