Marehemu Celestin Ndabaneze na Panya Aliyepauka

Ndugu waombolezaji, mimi ni Ladislas, mdogo wake marehemu. Familia imenipa kazi hii kwa sababu mama hawezi na shemeji hataki kuongea.

Marehemu Celestin alizaliwa tarehe 3 Machi 1958 huko Bururi, Burundi. Mwaka 1972 tulikimbia na mama hadi Kigoma, na mwaka 1979 tukaletwa hapa Mishamo, wakati huo pori tupu.

Alimaliza darasa la saba Kigoma. Mwaka 1982 alisomea usaidizi wa maabara kwa miezi tisa, akaajiriwa zahanati ya kijiji chetu. Wengi wenu mliopo hapa aliwatoboa vidole, akaitazama damu yenu kwa darubini akitafuta malaria.

Tarehe 12 Mei 1984 alifunga ndoa na Thacienne. Watoto wao wawili wa kwanza walizaliwa na nywele za rangi ya majivu, wakaandamwa na majipu na homa, wakafariki kabla ya kutimiza miaka minne. Mwaka 1990 alizaliwa Emelyne, na nywele zilezile. Mama yetu alimnyooshea shemeji kidole, na mimi nilinyamaza. Naomba radhi mbele yenu.

Siku moja, Celestin akitafuta malaria kwenye damu ya Emelyne, aliona matone makubwa ndani ya chembe nyeupe. Mwaka 1993 alituma kioo chenye damu hiyo Dar es Salaam. Jibu lilikuja baada ya miezi kumi na moja. Daktari aliandika kwamba ugonjwa huo ni wa kurithi, na kila mzazi amebeba nusu yake bila kuumwa. Chembe nyeupe zinameza vijidudu, ila zimepungukiwa vimeng'enya vya kuviua. Aliandika pia kwamba ng'ambo wapo panya wa maabara waliopauka wenye kasoro hiyohiyo, na kwamba tiba hapa nchini hakuna.

Celestin alitukusanya, akasoma barua yote. Akamwambia mama, "Umesikia? Ni mimi na Thacienne, wote wawili. Muache mke wangu."

Kisha akaanza kutafuta panya. Alitaka kumpata mmoja wa hapa kwetu, amtazame damu, amjaribie dawa kabla ya kumgusa mtoto. Aliyeleta panya aliyepauka alipewa kipande cha sabuni. Jirani yetu Ngolo alileta wake amempaka majivu. Celestin akamwosha, panya akawa mweusi tii. Akampa Ngolo sabuni vilevile, akamwambia, "Chukua, ukanawe mikono."

Alitafuta miaka minne. Watu walisema amechanganyikiwa. Nami nilisema hivyo, tena kwa sauti.

Mwezi huu wa Agosti alipatwa na kichomi. Tulimpeleka Mpanda kwa lori la mahindi. Hospitalini aliomba kuitazama damu yake mwenyewe, wakamshika mabega akachungulia darubini. Akasema, "Zangu ni safi, hazina matone. Ingekuwa mbegu, ningemgawia mtoto." Alifariki Jumapili tarehe 16 Agosti 1998, saa nne asubuhi. Chembe zake nzima hazikumsaidia yeye wala mtoto.

Jana mama Nyanzala wa kijiji jirani, ambaye hakuwa na habari ya msiba, alikuja na debe lenye panya aliyemnasa kwenye ghala lake la mahindi. Ni wa rangi ya majivu. Tumemwosha mara mbili kwa sabuni ya marehemu, na rangi haikutoka. Darubini ipo na panya yupo. Anayejua kusoma damu tunamfukia leo.

Marehemu ameacha mama mzazi, mjane Thacienne, mdogo mmoja ambaye ni mimi, na binti mmoja, Emelyne, mwenye miaka minane. Hamumwoni hapa kaburini kwa sababu tangu alfajiri ana homa. Tulipotoka nyumbani alikuwa anamlisha panya mahindi, akaniuliza, "Baba mdogo, huyu naye atapona?"

Kaka, Mungu akulaze pema.