Nusu ya Betri

Ndugu zangu, aliye karibu na feni naomba aizime kidogo. Sauti yangu haina nguvu, na upande huu wa kushoto wa mdomo bado ni mvivu. Nikishindana na feni mtasikia nusu tu. Ahsante.

Mimi si msemaji, na hapa Tanga ni mgeni wa siku chache tu. Shule niliiacha darasa la nne, na tangu hapo sijawahi kukaa mahali nikamaliza jambo. Ila muuguzi anayewanyoosha viungo hapa kila Jumamosi aliniambia kwamba wengi wenu mmepata kiharusi kama mimi, au mnamuuguza aliyepata, na kwamba wako wengine hawatoki tena vyumbani. Hao ndio ninaosema nao, ingawa hawapo. Mkirudi wafikishieni. Majina ya watu sitayataja.

Nilizaliwa Mahajanga, mji wa bandari wa kile kisiwa kikubwa ambacho wazee wa hapa Tanga walikiita Bukini. Nyumba yetu ilikuwa mtaa wa Antanimasaja. Baba na mama wote asili yao ni Ngazija. Mwishoni mwa mwaka sabini na sita, nikiwa mtoto, mji uliwageukia watu wa asili yetu. Sitaeleza zaidi, maana wanaojua wanajua. Baba alikwenda kazini bandarini, hakurudi. Mama alinishika mkono tukatoka kwa miguu, tukaipita Belobaka, nje ya mji, tukafika kwa familia ya Kimalagasi iliyokuwa ikituuzia mchele. Wakatuficha ghalani, nyuma ya magunia ya mpunga.

Mama alikuwa na homa, akafia mle ghalani. Mzee wa nyumba alimzika mwenyewe kando ya jiwe kubwa jeupe. Kabla hajamshusha aliniuliza, "Watu wenu huwalaza wakielekea wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole.

Ndugu zangu, nawaambia kweli, sijui kama nilionyesha sawa. Nilikuwa mtoto, na jua lilikuwa limefunikwa na mawingu. Baadaye nilipandishwa meli na watu wengine, tukapelekwa Ngazija. Kutoka pale sikutulia tena. Nilikuja hapa Tanga, nikafika Mombasa, nikaenda mpaka Msumbiji. Nikiona njia sikuweza kuiacha, nilitaka kujua inaishia wapi. Nikiona mashine naifungua. Nikiona mtu anafanya kazi nisiyoijua nasimama namuuliza mpaka anichoke. Lakini swali langu moja, la kidole changu, sikumuuliza yeyote.

Niliikaribia Mahajanga mara moja tu, nilipofika Nosy Be, kisiwa kidogo kaskazini yake. Nikawa fundi wa injini za boti pale mjini, miaka ikapita. Kila aliyeniuliza nilimwambia mwezi ujao nakwenda Mahajanga.

Kiharusi kilinikuta nimelala chini ya injini, spana mkononi. Nilisikia spana ikianguka, nikashangaa nani kaiangusha.

Mguu na mkono wa kushoto vilikufa. Lakini kilichonimaliza ni ulimi. Maneno yote yalikwenda, likabaki moja, "ile". Nikitaka maji nasema ile. Nikitaka kujua kwa nini tabibu ananigonga goti, ile. Mtu aliyeishi kwa kuuliza, sasa hana swali hata moja linalotoka. Nikageukia ukutani. Chakula nilikikataa. Nilikuwa nimekata shauri, na wako humu wanaojua ni shauri gani.

Chumba changu kilikuwa cha uani, nyuma ya gesti. Mwenye gesti alikuwa mama wa makamo, mwenye asili kama yangu, mkali wa maneno. Sisi hatukuwa ndugu, ila aliniita bakoko, yaani babu, ingawa tulilingana umri. Tulizungumza Kikomoro tukichanganya na Kimalagasi, mimi nawapa kwa Kiswahili chetu.

"Bakoko, leo unataka ile gani?" ananiuliza na sahani mkononi. "Ile ya samaki au ile ya maharage?"

"Ile," nasema, nataka aondoke.

"Haya, ile ya maharage." Anakaa, ananilisha kwa nguvu.

Ilinichukua muda mrefu hata nikasimama na fimbo, na maneno yakaanza kurudi moja moja, mengine yamekosea mlango. Wakati huo gesti ilikuwa imenunua baiskeli za umeme za kukodisha kwa wageni wa Kizungu, wazungukie kisiwa bila kutokwa jasho. Moja ilikuwa imeanguka, imekwaruzika ubavu mzima, wageni wakawa wanaikwepa. Siku moja akaisukuma mpaka mlangoni kwangu.

"Panda."

Nikamwonyesha mguu.

"Nimeuona. Mota haina haja na mguu wako. Juzi bibi wa Kizungu mwenye mvi kuliko paa la makuti kapanda kama hii mpaka mlimani, karudi anaimba."

Tulikata mpira wa ndani wa tairi, tukaufunga mguu wa kushoto kwenye pedali. Nilianguka uani mara nyingi, akanicheka kila mara, nami nikaanza kukasirika. Hasira ilikuwa kitu kipya. Nilikuwa sijasikia kitu moyoni muda mrefu.

Halafu siku moja nikatoka getini.

Sijui niwaelezeje. Ukikanyaga kidogo, baiskeli inakuitikia, kama mtu aliyeweka kiganja mgongoni mwako anakusukuma polepole. Niliingia mashamba ya milangilangi, miti iliyokatwa vichwa na kukunjwa mikono ili maua yafikiwe, na harufu ikanijia kabla sijaiona. Nikapita mashamba ya miwa yaliyoachwa yakarudi kuwa mwitu, na reli ya zamani imelala ndani yake na kutu. Nikapanda vilima hadi yalipo maziwa yaliyojaa ndani ya mashimo ya volkano, maji yake yametulia hata unaona aibu kukohoa. Komba walinichungulia kutoka matawini. Na kwa kuwa mota ile haina kelele, nilisikia kila kitu, hata kaa wakikimbia kwenye majani makavu kando ya mikoko.

Msidhani nilipona. Nilikuwa mtu yule yule, huzuni ile ile, sema sasa ilikuwa na mahali pa kutembea.

Mama wa gesti alinipa sharti moja. Kwenye usukani kuna kioo kidogo kinachoonyesha betri. "Ikifika nusu, unageuza," alisema. "Ikikuishia huko juu hutaweza kuisukuma, ni nzito kuliko mimi."

Mnaona? Mimi maisha yangu yote sikuwahi kurudi kwa njia niliyokwenda nayo. Sasa chombo chenyewe kinaniambia, hapa, geuza.

Siku moja sikugeuza. Njia ilikuwa inakata kilima, nikataka kujua kuna nini nyuma yake. Nilichokikuta nyuma yake ni kilima kingine, na betri ikazima. Mbele yangu kulikuwa na nyumba yenye nguzo ya umeme, na redio inasikika dirishani. Ningebisha hodi, ningeomba soketi. Lakini niliufikiria ulimi wangu. Niliwafikiria wakinitazama nikisema ile, ile, wakidhani nimelewa. Nikakaa chini kando ya njia, na mvua ikanyesha, nikakaa.

Mama wa gesti alinifuata na gari ya kukodi jioni. Hakunisalimu.

"Umeme unaimba ndani ya nyumba ya watu," alisema, "na wewe umekaa nje kama gunia la chumvi. Uliogopa wakufanye nini?"

Njiani akasema tena, taratibu, "Bakoko, kufa kwa aibu ni kufa kwa ujinga."

Muda si mrefu tabibu akaniambia kiharusi cha pili huenda kikaja na kisingoje ruhusa. Pale ndipo kidole changu kiliporudi. Nikawaza, nitamkuta mama huko mbele, na sitajua kama nilimlaza vibaya. Nikamwambia mama wa gesti, kwa maneno yangu yaliyovunjika, habari yote ambayo sikuwahi kumwambia mtu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Chukua baiskeli. Ile mbovu, maana nzuri hukodishwa."

Niliivusha kwa pantoni mpaka Antsahampano, ng'ambo ya kisiwa, wakaifunga juu ya gari la abiria, na baada ya safari ndefu ya mashimo nikaingia Mahajanga. Nikapata chumba Antanimasaja, mtaa ule ule, kwa familia ya asili yetu iliyokuwa imerudi zamani. Nyumba yetu sikuitambua. Labda nililala jirani nayo.

Nchi ya kule si kama Nosy Be. Kule kisiwani kila kitu ni kibichi na kinanuka utamu. Huku ni kukavu. Mto unamwaga baharini maji mekundu kama yaliyooshewa tofali, na ukitoka mjini unakuta uwanda wa nyasi na mikoma, upepo unasugua makuti yake siku nzima, na ng'ombe wa nundu wanakutazama kama mtu anayewadai. Niliipenda. Kila asubuhi nilitoka kuelekea Belobaka. Na kila nikifika Belobaka, kioo kinasema nusu. Nageuza.

Siku ya kwanza nikasema, betri. Siku ya pili, betri. Wiki ikaisha. Mwenye nyumba wangu, mzee mchekeshaji, akaniuliza, "Bakoko, huko Belobaka umeoa?"

Nilijua basi kwamba tatizo halikuwa betri. Kijiji alikozikwa mama kiko mbele ya Belobaka, na kukifikia ni kuvuka nusu, na kuvuka nusu ni kuomba umeme kwa mtu. Kuomba ni kusema. Nilikuwa tayari kufa bila jibu, mradi nisisimame mlangoni mwa mtu na mdomo wangu umepinda.

Asubuhi moja nikafika Belobaka, kioo kikasema nusu, na sikugeuza. Sina maelezo mazuri. Nilikuwa nimechoka kugeuza.

Betri iliniishia nikiwa naiona nyumba ya kwanza ya kijiji. Nikaisukuma kwa mguu mmoja na nusu. Palikuwa na duka dogo na friji ya soda nje, waya unaingia dirishani. Nikafungua mdomo, maneno yote yakakimbia. Likabaki moja, nalo hata sikulichagua.

"Hodi."

Ndugu zangu, kule nao hubisha hodi. Neno ni lile lile.

Akatoka bibi mmoja, kitambaa kichwani, mikono ina unga. Akaniangalia mimi, akaiangalia baiskeli, akauona ule mpira wa mguuni. Nikaonyesha betri, nikatoa chaja begini, nikaonyesha waya. "Ile," nikasema.

"Umeme utakuja mchana, leo si zamu yetu asubuhi," akasema. "Kaa. Utakula."

Nilikula wali na mboga za majani na samaki mkavu, akanipa na maji ya moto ya ukoko, yale wanayokunywa kule baada ya kula. Hakunihimiza. Nikishindwa neno alisubiri, akichambua mchele. Nikamuuliza habari ya jiwe. Jiwe kubwa, jeupe.

Mikono yake ikasimama. "Nani kakwambia kuna jiwe?"

Nikajigusa kifua.

Akanitazama sana. "Hapa nilipokuwa mdogo alizikwa mama wa Kikomoro," akasema. "Alikuwa na mtoto mwanamume. Mtoto yule alikuwa anauliza. Kwa nini mpunga una ganda, kwa nini ng'ombe ana nundu, panya wanalala saa ngapi. Tulitakiwa tukae kimya wasitusikie, na yeye anauliza. Baba akamwambia, ukinyamaza mpaka kesho nakupa ndama."

Nilicheka. Nilicheka na machozi yanatoka, upande wa kulia tu unacheka.

"Ndama," nikasema. Neno lilitoka zima. "Hajanipa."

Bibi akaziba mdomo kwa kitambaa.

Alinipeleka nyuma ya nyumba, akinishika kiwiko. Hakukuwa na jiwe. Palikuwa na korongo, kubwa, jekundu, limeula ua na nusu ya zizi. Mvua za kule hukata ardhi hivyo, kidogo kidogo, na mwaka mmoja wa kimbunga huchukua kipande kizima. Jiwe liko chini kabisa, limelala kifudifudi. Kaburi lilikwenda zamani.

Nikamuuliza lile swali moja. Lilitoka taratibu, lakini lilitoka. "Nilionyesha wapi?"

Hakufikiri. Akanyoosha mkono. "Kule. Baba alikuwa akilisimulia mpaka anakufa. Mtoto alionyesha kule."

Nikalitazama jua. Kule si kibla. Kibla kwetu kule ni kaskazini. Bibi alikuwa anaonyesha magharibi, njia niliyokuja nayo, Belobaka, Antanimasaja. Nilikuwa nimeulizwa watu wetu hulala wakielekea wapi, nami nikaonyesha nyumbani.

Nikakaa chini. Bibi naye akakaa pembeni yangu. Akasema, "Unaona lile shamba chini, la mpunga? Udongo wote wa hapa ulishuka pale. Mama yako hana upande tena. Yuko kila upande." Akanigeukia. "Mchele uliokula leo ni wa pale."

Tuliporudi ndani nilimwomba ukoko uliobaki sufuriani. Akaukwangua wote akanipa, nikautafuna mpaka wa mwisho, huku taa ndogo ya chaja, maana umeme ulikuwa umekuja, inageuka kutoka nyekundu kuwa ya kijani.

Nilirudi na betri iliyojaa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiona njia ya kurudi bila kuikimbia. Uwanda ni ule ule, lakini ukirudi unauona kwa upande mwingine.

Nawashukuru. Namshukuru mama wa gesti, ambaye baiskeli yake hajaidai mpaka leo, ingali nami kule Antanimasaja ninakoishi sasa. Namshukuru yule mzee aliyemshusha mama kwa kidole cha mtoto, Mungu amlaze pema, na binti yake ambaye msimu wa kupandikiza hunipigia simu niende nikae ukingoni mwa shamba niwachekeshe wapandaji. Nawashukuru ninyi mliozima feni.

La kuwaachia ni hili. Aliye chumbani akigeukia ukutani, mara nyingi si mguu unaomzuia. Anaogopa mlango wa mtu. Mwambieni neno moja linatosha, hata likiwa limepinda.

Betri yangu imezeeka, kama mwenyewe. Siku hizi nusu inanikuta kabla sijafika Belobaka. Kwa hiyo njiani nabisha hodi mara mbili.